Mtoto anayevaa mashine ya sikio anaingia kidato cha kwanza: shule ya kata, binafsi au yenye kitengo?

Mama Swaumu (Mabawa)
Habari za saa hizi wana-Tanga. Naombeni mawazo, nyumbani tumebishana mpaka tumechoka. Kijana wangu anaanza kidato cha kwanza Januari, ana tatizo la masikio, anavaa mashine. Amepangiwa shule ya kata, kutwa, anafika kwa miguu. Baba yake anataka bweni binafsi nje kidogo ya mji, wamemwambia wanapokea watoto wote. Shangazi yake wa Dar anasema aende Benjamin Mkapa, kule kuna kitengo cha viziwi, atakaa kwake. Ipi nzuri? Sare sijanunua bado.

Bin Kassim
Dada, swali umelileta nusu. Anasikia kiasi gani? Sikio moja au yote? Msingi kasoma wapi, kwenye kitengo au darasa la kawaida? Lugha ya alama anajua? Tukikujibu bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

Mzee wa Chumbageni
Kata. Mtoto akae na mama yake. Mengine mbwembwe.

Zulfa_RZ
Mzee wangu shikamoo, lakini kata darasa moja limejaa watoto mpaka dirishani. Huyo akikaa nyuma atasikia nini? Mimi niko upande wa binafsi, darasa dogo na mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina.

Mama Swaumu (Mabawa)
Masikio yote mawili, la kulia limezidi. Karatasi ya kipimo iko kwa baba yake. Msingi kasoma shule ya kawaida hapa hapa, anakaa mbele. Anasoma midomo vizuri sana, ukiongea naye uso kwa uso huwezi kujua kama ana tatizo.

Ticha Mstaafu
Hapo kwenye midomo ndipo nina wasiwasi, na sijaona mtu aliyepagusa. Huyo mtoto miaka saba amesoma midomo ya Kiswahili. Neno asilolinasa analikisia, kwa sababu lugha anaijua. Januari mwalimu anaanza Biolojia kwa Kiingereza, na kwenye midomo ya mwalimu kuna maneno ambayo mtoto hajawahi kukutana nayo. Utakisiaje neno usilolijua? Hata anayesikia vizuri kidato cha kwanza kinamtesa, sembuse huyu.

Kwa hiyo ukienda shule yoyote kati ya hizo, usiulize kama wanapokea watoto wote. Uliza hivi: mwalimu wa somo yuko tayari kuandika msamiati wa mada ubaoni kabla hajaanza kufundisha? Kuna mwalimu aliyesomea elimu maalumu, hata mmoja, wa chuo cha ualimu Patandi au wa chuo kikuu cha Sebastian Kolowa, Magamba kule Lushoto? Huyo mmoja akiwepo, anawaelekeza wenzake. Asipokuwepo, maneno yote ya kwenye kipeperushi ni mapambo.

Zulfa_RZ
Ticha umenena. Ila hayo ya msamiati binafsi watayafanya, wanalipwa.

Baba Rama (Muheza)
Zulfa, wanalipwa, kweli. Ngoja nikusimulie. Jina la shule sitaji wala mkoa.

Wa kwangu anavaa mashine masikio yote. Tukampeleka bweni binafsi, geti zuri, maua, mkuu anatabasamu. Akatuambia hapa mtoto wenu ni kama wa kwetu. Muhula wa kwanza matokeo mabovu, muhula wa pili zaidi. Nikaenda bila taarifa siku ya kazi. Nikamchungulia darasani, masikio matupu! Namuuliza mashine ziko wapi, ananionyesha bwenini. Matroni alikuwa amezifungia kabatini, ndani ya kopo la mafuta ya nazi, kwa nia njema kabisa, eti ni vitu vya gharama visije vikapotea. Anampa Jumamosi na Jumapili. Yaani mtoto anasikia siku ya kufua, Jumatatu anarudi kuwa kiziwi.

Halafu kengele. Mashine usiku zinavuliwa, na kengele ya kuamka inagongwa alfajiri, kwa hiyo haisikii. Wenzake wakimsahau anachelewa mstarini, akichelewa ni fimbo. Mtoto mwenyewe hakuniambia, niliambiwa na mpishi. Nilipomuuliza mkuu akasema sheria ni moja kwa wanafunzi wote. Nilifungasha sanduku siku ile ile, na ada haikurudi mpaka leo.

Sasa yuko kutwa, shule ya serikali, si ya ajabu. Lakini mashine naziona mwenyewe kila asubuhi zikiingia sikioni.

Mzee wa Chumbageni
Nilisema nini mimi?

Bin Kassim
Mzee, shule moja mbovu haifanyi zote mbovu. Mama Swaumu, lugha ya alama anajua?

Kiziwi_Huru
Nimesoma uzi wote, nikaona niseme. Mimi ni kiziwi, nimesoma msingi kwenye kitengo na sekondari nimechanganyika na wanaosikia. Mnamjadili kijana kana kwamba kazi yake ni kufanana na wanaosikia. Akiwa na wenzake wa lugha ya alama anapumzika. Kusoma midomo siku nzima kunachosha, ikifika saa saba mchana kichwa kinauma na macho yamechoka. Hilo mwalimu haoni, anaandika mtoto ni mzembe. Mimi nampigia kura shangazi wa Dar.

Mzee wa Chumbageni
Ukimzoesha ishara si ataacha kusema?

Kiziwi_Huru
Shikamoo mzee. Nasema, naandika, na natumia alama. Hakuna kilichoondoka.

Chuda_Boy
Kwani Muhimbili si wanapandikiza kifaa cha kusikia tangu 2017? Mpelekeni yakaishe.

Ticha Mstaafu
Upandikizaji upo, lakini aliyezaliwa na tatizo hufaidika zaidi akifanyiwa akiwa mdogo sana, na si kila anayesaidiwa na mashine ya kawaida anauhitaji. Tusimpotezee mama muda.

Kiziwi_Huru hoja yako naiheshimu. Hata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inataka mtoto asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Swali ni kama huyu anayahitaji.

Chuda_Boy
Sheria nzuri, ila mvua ikipiga bati huku kwetu hata mwenye masikio mazima hasikii kitu. Shule nyingi hazina dari.

Zulfa_RZ
Hahaha kweli, mvua za masika kipindi kinageuka kuwa cha kunakili.

Mama Swaumu (Mabawa)
Asanteni jamani. Baba Rama umenitisha, nimempa mume wangu asome, kanyamaza. Karatasi nimeipata: kulia 75, kushoto 55. Lugha ya alama hajui, hatukuwahi kufikiria.

Ticha Mstaafu
Hizo ni desibeli, namba ikiwa kubwa zaidi ndivyo sikio linavyosikia kidogo. Kulia ni tatizo kubwa, kushoto kuna cha kutumia. Popote atakapokwenda, akitazama ubao akae safu za mbele upande wake wa kulia wa darasa, ili sikio la kushoto lielekee kwa mwalimu na kwa wenzake. Na mwalimu asifundishe akiwa amesimama mbele ya dirisha. Mwanga ukitoka mgongoni kwake, uso unakuwa giza na midomo haionekani. Hayo hayana gharama, mkuu wa kata anaweza kuyafanya kesho. Muone na afisa elimu maalumu wa halmashauri kabla ya kuhamisha.

Kiziwi_Huru
Na likizo hii aanze alama. Hata akibaki kata.

Mama Swaumu (Mabawa)
Afisa tutamuona Jumatatu. Baba yake bado ana shule yake kichwani, shangazi naye kapiga simu tena.

Bi_Pongwe
Samahani kuingilia. Wangu ni mwenye ualbino, uoni hafifu, yuko darasa la saba. Mtihani wa maandishi makubwa unaombwa na shule au na mzazi?

Ticha Mstaafu
Shule ndiyo inamsajili kwa hitaji lake, wewe fuatilia mapema. Na muda wa nyongeza asinyimwe: dakika 10 kwa kila saa, Hisabati 20. Ila fungua uzi wako, mama, huu umeshajaa.

Baba Rama (Muheza)
Kabla haujafungwa, kuna anayejua betri za mashine namba 13 zinapatikana duka gani pale mjini? Za mwisho nilizonunua zilikuwa zimepitwa na wakati.

Chuda_Boy
Jaribu yale maduka ya dawa karibu na hospitali ya Bombo. Mimi lakini nilikuwa natafuta za saa.