Jaji Landis: ni haki jina lake kufutwa kwenye tuzo?

Bi Tausi: Mwaka 2020 waandishi wa besiboli Marekani waliliondoa jina la Kenesaw Mountain Landis kwenye tuzo ya mchezaji bora. Alikuwa kamishna, yaani msimamizi mkuu wa besiboli, tangu 1920 hadi alipofariki 1944, na muda wote huo ligi kuu haikuwa na mchezaji mweusi. Naona wamechelewa mno. Nyie je?

Kipanga: Mnamponda bure. Akiwa jaji wa shirikisho pale Chicago aliitandika Standard Oil kampuni ya mafuta, faini ya dola milioni thelathini hivi. Nani leo ana ubavu huo? Tena aliacha ujaji akasafishe mchezo.

Mkama: Aliacha lini? Alishika vyeo vyote viwili zaidi ya mwaka! Kwa mwaka ujaji dola 7,500, besiboli 42,500. Mbunge Welty akataka Bunge limng'oe, chama cha mawakili kikamlaani 1921, ndipo 1922 akaachia kiti. Na faini ilikuwa 29,240,000, mahakama ya rufaa ikaitengua.

Kipanga: Kwa hiyo kuwa na kazi mbili ni dhambi? Mimi nasomesha watoto kwa kazi mbili. Chunga maneno, mkuu.

Mkama: Wewe huhukumu kesi za mwajiri wako. Mwaka 1915 Federal League, ligi pinzani ya besiboli, iliwashtaki wenye timu kubwa mbele yake. Akaikalia kesi karibu mwaka mzima bila uamuzi, mpaka wakapatana nje. Baadaye wenye timu wakampa ajira.

Kipanga: Sema wazi kama alihongwa, na ulete ushahidi.

Nyange: Jamani, mshahara tu? Mwaka 1918 aliwafunga wana-IWW, chama cha wafanyakazi, wapatao mia kwa kupinga vita, kiongozi wao Haywood miaka 20! Mwanasiasa msoshalisti Victor Berger naye 20, hadi Mahakama ya Juu ikasema Landis alipaswa kujitoa kwenye kesi ile.

Kipanga: Ilikuwa vita, dada. Ila ubaguzi nakataa. Mwaka 1942 alitamka hadharani kwamba hakuna kanuni inayowazuia weusi.

Bi Tausi: Hapo ndipo panaponiuma, kaka. Wachezaji 8 wa timu ya White Sox walioshtakiwa kwa kupokea fedha ili wapoteze mechi hawakutiwa hatiani mahakamani, yeye akawafungia maisha kwa kauli yake peke yake. Mwenye nguvu hizo alishindwa nini kuwaamuru wenye timu wafungue mlango? Jackie Robinson, mweusi aliyevunja kizuizi hicho, aliingia 1947, Landis ameshazikwa.

Kipanga: Wale 8 siwatetei, fedha za wacheza kamari zilipita. Lakini Mkama hajaniomba radhi kuhusu kazi mbili.