Mrejesho: kutembea Beacon Hill, Boston, bila mwongozaji

Wakuu, niliuliza tuanzie wapi Beacon Hill, mtaa wa zamani wa mlimani, ili tusipande mlima mara mbili. Majibu yenu yamefanya kazi, asanteni.

Shukeni stesheni ya treni ya Park Street, mpande hadi Massachusetts State House, makao ya bunge la jimbo, jengo lililosanifiwa na Charles Bulfinch, la 1798, lenye kuba la dhahabu. Mkabala nalo ni sanamu ya Kanali Shaw na kikosi chake cha 54 cha wanajeshi weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ya mwaka 1897. Teremkeni Beacon Street hadi namba 39 na 40, mtazame vioo vya zambarau. Si rangi ya kupaka: kioo kilikuwa na madini ya manganizi, jua likakibadilisha taratibu.

Kisha pandeni Spruce Street, ingieni Chestnut kushoto, halafu Willow kulia. Acorn Street iko kushoto kwenu. Hapa ndipo wengi huteguka. Mawe yake ni ya mviringo, yanateleza yakilowa, na soli nyembamba utaijutia. Mkokoteni wa mtoto uacheni. Watu wanaishi humo, msikae vizingitini kupiga picha.

Louisburg Square iko jirani. Bustani ya katikati ni mali ya wenye nyumba, mtaichungulia nje ya uzio tu. Kisha Pinckney kulia hadi Joy Street, mteremke kushoto mpaka African Meeting House ya 1806, lililokuwa kanisa la watu weusi. Msiishie kwa matajiri mkaikosa hii, kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kutoka hapo ni mteremko hadi Cambridge Street, kushoto, stesheni ya Charles/MGH.