Nichukue topapu nipaue nyumba, au nasogeza umaskini mbele?

Mwalimu_Buswelu: Habari za humu wakuu. Mimi nafundisha sekondari, mume wangu ananunua dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kuwapelekea wateja Shinyanga. Tuna boma limefika kwenye linta, kiwanja Kisesa kisicho na hati, akiba kidogo SACCOS, na mkopo wa mshahara uliobakiza miaka 3. Afisa mikopo ananipigia kila wiki nichukue topapu (mkopo mpya juu ya huu kabla haujaisha), nipaue. Kodi ya nyumba tuliyopanga inatuumiza kweli. Je, hapo mali ya familia itakuwa imekua?

Kijana_Igoma: Paua dada. Kodi ukishalipa imeenda, na mabati hayakungoji.

Mhasibu_Nyegezi: Mwalimu, pole na majukumu. Nimestaafu uhasibu, na inaniuma kuona walimu wanafika miaka 60 slipu bado imejaa makato. Kaeni na mzee, mchukue daftari. Upande mmoja mali zote kwa bei ambayo mtu angewalipa leo, siyo mnayoitamani. Hicho cha Kisesa mpaka kipimwe kiandikeni bei ya chini. Upande wa pili madeni yote, hata la duka la vifaa. Toa. Kinachobaki ndicho chenu, na kila Januari mhesabu tena. Michango ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma (wewe 5%, mwajiri 15%), iwekeni ukurasa wake, maana leo hamwezi kuigusa.

Sasa topapu. Milioni 10 kwa riba ya 17% kwa mwaka, miaka 5, makato ni kama 248,500 kwa mwezi. Baada ya miaka 2 umeshatoa karibu milioni 6, lakini deni bado linakaribia milioni 7. Riba nzito iko mwanzoni. Ukitopapu hapo unarudishwa kwenye miezi ileile ya riba nzito, na afisa anaangalia tu kama theluthi ya mshahara inabaki baada ya makato. Ningekuwa wewe ningejenga vyumba viwili vya uani kwa akiba ya SACCOS, mhamie, halafu ile hela ya kodi ndiyo inunue mabati.

Mama_Dagaa: Naunga mkono. Ila mtaji wa baba usiguswe kwa ajili ya ujenzi! Mbalamwezi ikiwaka dagaa zinaadimika, bei inapanda, na anayekula ni mwenye mzigo stoo. Masika nayo, zikiloa kwenye kuanika zinauzwa chakula cha kuku. Bila hela ya kuvumilia hapo, mtaji wote unakwisha.

Mwalimu_Buswelu: Ahsanteni sana. Vyumba vya uani hatukuvifikiria kabisa, jioni tunakaa na daftari. Mhasibu, nimemdhamini mdogo wangu SACCOS. Nalo ni deni?

Mhasibu_Nyegezi: Liandike pembeni, na kiasi chake. Akikosa rejesho moja, lihamishie kwenye madeni siku hiyohiyo.