Re: Bawasiri na dawa za maduka ya Kihindi, nani ana uzoefu?

Dereva wa Usiku, Coventry

Wakubwa shikamooni, rika langu habari zenu. Jambo langu si la kuzungumza mezani, ila hapa hatuonani sura, kwa hiyo nalitoa tu. Bawasiri imenikalia. Au niseme nimeikalia mimi. Naendesha lori usiku, haja ikinishika barabarani naibana hadi kituo kinachofuata, na maji nayapunguza makusudi ili nisisimamesimame. Sasa choo kimekuwa kigumu kama changarawe, kuna kinyama kinachungulia nikijikamua kisha kinarudi chenyewe, na mara mojamoja naona damu nyekundu kwenye karatasi.

Jumamosi nilipita Belgrave Road kule Leicester. Mzee mwenye duka ni Mhindi wa Jinja, wale waliofukuzwa na Amin mwaka 1972, Kiswahili chake bado kipo. Akaniwekea vitu vitatu kaunta: paketi ya isabgol, unga wa trifala, na kichupa cha vidonge vidogo vyeusi, maandishi yote ya Kihindi. Nimechukua isabgol peke yake. Je, hivyo vingine nivirudie?

Mama Mkubwa, Slough

Pole mwanangu. Usione haya, mwanamke aliyezaa hana la kushangaa hapo. Mimi ilinianza na mimba ya kitindamimba wangu.

Kabla ya vidonge tutazame sahani. Nawajua nyie madereva: soseji, chipsi na kinywaji cha kopo. Mombasa tulikaa nyumba moja na Wagujarati, na kwao mtu akilalamika huko nyuma, kitu cha kwanza kuletwa si dawa, ni chaas. Chukua mtindi mtupu usio na sukari, vijiko vitatu vikubwa, maji mara tatu yake. Upige hadi povu lipande. Bizari nyembamba ikaange kavu, kikaango kikiwa na moto mdogo, mpaka inukie na igeuke rangi. Ikiungua itakuwa chungu, itupe uanze upya. Itwange, utie nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo na majani ya giligilani. Pilipili usithubutu. Unakunywa baada ya mlo mkubwa.

Siku ya mapumziko jipikie mseto wa pojo, uwe laini kabisa, juu tia kijiko cha samli, pembeni mchicha. Achari iache kwenye chupa yake.

Mfamasia, Birmingham

Mama Mkubwa, shikamoo. Umegonga penyewe, na hilo la chaas si la majirani zako tu. Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha Ayurveda, yaani tiba ya asili ya Kihindi, kina sura nzima ya maradhi haya, wao wanayaita arsha, na maziwa ya mtindi yaliyopigwa na kutolewa siagi yamesifiwa humo kuliko karibu dawa yoyote, hasa kwa bawasiri kavu isiyotoa damu. Hoja yao ni kwamba ugonjwa unaanza na moto wa tumbo uliofifia: chakula hakisagiki vizuri, choo kinakauka, upepo unaotakiwa kushuka unakwama, mtu anajikamua. Sisi tuliosomea huku tunasema mishipa ya njia ya haja inavimba kwa msukumo. Lugha mbili, ila ushauri wa chakula unakutana pale pale: choo kiwe laini, usijikamue, usikae sana.

Sasa kaka dereva, isabgol. Hapo umechagua vizuri kuliko ulivyojua. Ni maganda ya mbegu, na ndiyo hiyo hiyo ispaghula tunayoitoa famasi kama dawa iliyosajiliwa. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio ya nyuzinyuzi kwa wagonjwa wa bawasiri ulikuta kutokwa damu kunapungua kwa karibu nusu. Lakini inavuta maji mno. Ukiimeza na mafunda mawili inaweza kuvimba kooni au kuziba utumbo, na hapo utajuta. Koroga kwenye glasi kubwa ya maji, unywe papo hapo kabla haijawa uji, kisha glasi nyingine. Anza na kiasi kidogo, maana gesi zitakusumbua siku za mwanzo. Usinywe ukiwa unaenda kulala, na dawa zako nyingine ziachanishe nayo angalau nusu saa. Na usitegemee kesho yake, inachukua siku kadhaa.

Trifala ni unga wa matunda matatu yaliyokaushwa: amla, harde na baheda. Kazi yake ni kulainisha choo taratibu, kijiko cha chai na maji ya moto kiasi usiku. Kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine sina ugomvi nayo, ila siiweki na isabgol kwa mara moja. Ukiharisha, kidonda kitachubuka zaidi. Mjamzito asiiguse bila kuuliza. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda naye aulize kwanza.

Usichanganye trifala na hizi "churna", yaani unga wa dawa, za kusafisha tumbo. Nyingi ndani yake ni sanamaki. Ile inafukuza choo kwa nguvu, mtu anaizoea, mwisho utumbo unasubiri kuchapwa ndipo utembee.

Kuhusu damu, hapa natofautiana na kitabu. Charaka anashauri damu mbaya ya mwanzo isizuiliwe haraka, iachwe itoke. Mimi nasema damu yoyote ya njia ya haja aione daktari. Nyekundu mbichi kwenye karatasi mara nyingi ni bawasiri kweli, lakini saratani ya utumbo nayo hutoa damu, na mgonjwa hawezi kutofautisha kwa macho. Ikiwa nyeusi kama lami, au imechanganyika na choo, au umekonda bila sababu, au mwendo wa choo umebadilika, usingoje wiki ipite. Ikitoka nyingi bila kukoma, nenda dharura usiku huo huo. Hapa England wenye miaka 50 hadi 74 wanatumiwa kipimo cha choo nyumbani kila miaka 2. Naomba wazee wetu wasikitupe kile kibahasha. Na ambaye hajafika umri huo lakini ana dalili, kipimo kama hicho anaweza kukipata kupitia daktari wake.

Nesi, Boston, Marekani

Mimi nachangia la kile kichupa cheusi tu. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2004: watafiti wa hapa Boston walikwenda kwenye maduka ya Wahindi mjini humu na jirani, wakanunua dawa 70 za Ayurveda za kunywa. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Yaani moja katika tano. Na si lazima iwe uchafu wa kiwandani. Kuna tawi la tiba hiyo, rasa shastra, ambalo linatia madini kwa makusudi likiamini yakichomwa sawasawa sumu inaisha. Ukiona neno "bhasma" au "rasa" kwenye orodha, iache. Ukiwa huwezi kuisoma orodha yenyewe, iache vile vile. Risasi ikikuingia, moja ya dalili zake ni kufunga choo, kwa hiyo utakuwa umelipia ugonjwa ule ule.

Mfamasia, Birmingham

Ahsante dada. Kwa walio Uingereza: dawa ya mitishamba iliyosajiliwa ina namba inayoanza na THR kwenye boksi. Tangu 2011 dawa za namna hii zinazotengenezwa kiwandani haziruhusiwi kuuzwa hapa bila usajili. THR haimaanishi imethibitishwa kuwa inaponya, inamaanisha ubora na usalama wake umekaguliwa na ina historia ndefu ya kutumika. Kichupa ulichowekewa kaunta kaka, kwa ulivyokieleza, hakina hata hilo.

Msomi wa Leeds

Naona mnapamba sana. Kama isabgol ni nyuzinyuzi tu, si aseme ale dona na maharage, Ayurveda inaingilia wapi?

Mama Mkubwa, Slough

Mwanangu, dona ndani ya lori utalisonga wewe?

Dereva wa Usiku, Coventry

Mmenichekesha, na nawashukuru sana. Daktari nimepata miadi Alhamisi. Swali dogo: mimi nalala mchana, nafanya kazi usiku. Hiyo isabgol niinywe saa ngapi? Na maji mengi hivyo si nitasimama kila kituo cha barabara kuu ya M6?

Mfamasia, Birmingham

Hesabu siku yako tangu unapoamka. Ukiamka alasiri, kunywa na chakula cha kwanza, usubiri haja nyumbani kabla ya kuingia kazini. Tumbo huamka likipata kitu cha moto, kwa hiyo chai isikose. Maji mengi yapitie saa hizo za nyumbani, barabarani unywe kidogo kidogo. Na haja ikikushika, simama. Hilo la kubana ndilo limekufikisha hapa, hakuna unga utakaolishinda.

Chooni weka kigoda chini ya miguu, magoti yapande, simu ibaki nje. Chamba kwa maji, karatasi kavu inachubua. Chupa ndogo ya maji inakaa vizuri kwenye mlango wa lori. Ukirudi asubuhi kalia beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, bila dettol, bila chumvi ya mawe, maji matupu yanatosha. Jikaushe kwa kugusisha taulo, usisugue.

Shemeji wa Wembley

Nimechelewa kuingia. Hakuna aliyetaja suran? Kile kiazi kikubwa cha Kihindi chenye ngozi kama ya mguu wa tembo. Kwa Kisanskriti kina jina jingine lenye maana ya muuaji wa bawasiri, na mke wangu, Mgujarati wa Kampala, hapiki kitu kingine mjomba wake anapougua. Kibichi kinawasha mikono na koo vibaya sana, kwa hiyo tafuta kilichokatwa vipande kwenye majokofu ya maduka ya Kihindi. Chemsha na ukwaju hadi kiive kabisa, mwaga yale maji, ndipo ukaange kwa samli kidogo na bizari. Ukihisi ulimi unachomachoma hakijaiva, kirudishe jikoni.