"Kubali yaishe" ndiyo inayofungisha watu miaka 30

Wakuu, mods naomba msiunganishe huu uzi.

Nani aliwadanganya mahabusu wa Tanzania kwamba ukikiri kosa hakimu anakuonea huruma? Ushauri huo unaanzia lokapu, na mtu anapanda kizimbani hakuna aliyemtajia adhabu. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kiwango cha chini ni miaka 30. Lia, taja mama mgonjwa, sema ni kosa la kwanza: hakimu hana pa kupunguzia.

Kubaka ndiyo balaa. Kijana wa miaka 24 anasomewa shtaka la binti wa miaka 17, anajibu kifua mbele: "Ni kweli mheshimiwa, ni mchumba wangu, tulikubaliana." Anadhani amejitetea! Chini ya miaka 18 ridhaa haihesabiki. Kajifunga mwenyewe, 30 hiyo.

Utaratibu upo tangu kesi ya Adan, 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, kila kipengele kifafanuliwe, jibu liandikwe kwa maneno yake. Mwendesha mashtaka asome maelezo ya kosa, mshtakiwa aulizwe tena. Akisema "panga nilikuwa nalo, simu sikuchukua", hajakiri, iandikwe amekana. Sasa soma mienendo ya kesi: "Ni kweli." Basi. Kweli ipi, ya panga au ya simu? Na katika hatua zote hizo hakuna inayodai atajiwe adhabu kabla hajajibu. Anayeingia makubaliano ya kukiri kosa na upande wa mashtaka (yapo tangu 2019) anaelezwa haki anazoziachia. Huyu wa "ni kweli" ya bure haambiwi kitu.

Ukishakiri huwezi kukatia rufaa hatia, ni ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Upenyo ni ule wa kesi ya Laurence Mpinga, 1983: kukiri kwenye utata au kusikokamilika, kukiri kwa kutoelewa, shtaka lisilo kosa kisheria, au maelezo yasiyotosha kumtia hatiani. Notisi ya kusudio la kukata rufaa siku 10, rufaa yenyewe siku 45. Siku 10 zinaisha ndugu hawajajua hata yuko gereza gani.

Mwenye mtu mahabusu amwambie leo: kabla ya kujibu, uliza adhabu. Hujaelewa shtaka, sema hujaelewa. Kukana si kusema uongo, ni kuitaka Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ithibitishe. Na aliyeshakiri bado anaweza kuomba kubadili jibu, mradi adhabu haijatamkwa.