Entebbe hadi London: kilomita ngapi, na mama atakaa angani saa ngapi?

Binti_Bombo
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mama ana miaka 74, magoti yanamsumbua, na hajawahi kupanda ndege. Mke wa kaka anajifungua London mwezi wa Januari, na mama ameapa lazima awepo. Tiketi ya moja kwa moja inaonyesha anaondoka saa 4 asubuhi na kufika saa 10 jioni. Ya kupitia Dubai ina nafuu ya bei. Kweli London ni saa 6 tu? Na Dubai inamzungusha kiasi gani?

Mzee_wa_Mizigo
Wa aleikum salaam, binti yangu. Si saa 6. Tiketi huandika saa ya kila mji: saa 4 ni ya Entebbe, saa 10 ni ya London, na mwezi wa Januari London iko nyuma yetu kwa saa 3. Mama akitua, huku Bombo itakuwa saa 1 jioni. Atakaa kitini karibu saa 9.

Kwa mstari ulionyooka, Entebbe hadi Gatwick, uwanja wa London ndege hiyo inapotua, ni kama kilomita 6,450. Watu huzigawa kwa mwendo wa ndege, kama kilomita 900 kwa saa, wakapata saa 7 na kidogo. Hesabu hiyo inasahau kupaa, kushuka na upepo. Tena mstari wenyewe unapita juu ya Darfur, magharibi mwa Sudan, na Libya, na anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023. Ndege zikazunguka.

Sasa Dubai. Entebbe hadi Dubai ni kama 3,700, kisha 5,500 hadi London. Jumla 9,200! Unamwongezea mama kilomita 2,700, pamoja na kusubiri na kutembea uwanjani kwa magoti hayo. Kupitia Addis Ababa njia haizidi sana, kama 7,100 kwa jumla, lakini kubadilisha ndege kuko palepale.

Nilifanya kazi ya mizigo Entebbe. British Airways iliacha kuja Oktoba 2015, na Uganda Airlines ikaanza kwenda Gatwick Mei 2025. Katikati hapo niliwaona wazee wetu wamefungwa karatasi shingoni, jina na namba ya simu, maana wangebadilisha ndege katika mji ambao hawana wa kumuuliza neno. Iliniuma. Kama pesa inapatikana, mpe mama ya moja kwa moja.

Nesi_Arua
Omba kiti cha magurudumu unapokata tiketi, hakilipiwi. Dawa zake zote ziwe kwenye begi la mkononi. Asikae saa 9 bila kuinuka: anywe maji, ainuke mara kwa mara, na akiwa kitini achezeshe nyayo. Kama ana presha, amwone daktari kwanza.

Dereva_Kajjansi
Saa 1 asubuhi awe ameshafika kaunta. Kutoka Bombo ondokeni saa 10 alfajiri, mvuke Kampala kabla ya foleni, kisha mshike barabara ya kulipia. Gari dogo ni shilingi 5,000.

Binti_Bombo
Mungu awalipe. Kaka amekubali kuongeza pesa, na atampokea Gatwick. Mzee, mama anataka kubeba nyama kavu na siagi ya simsim. Vinaruhusiwa?

Mzee_wa_Mizigo
Nyama hapana, na maziwa pia, Uingereza watavichukua. Simsim aifunge vizuri kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Kwenye begi la mkononi wataihesabu kama kimiminika.