Prius ya 2006 inakosa nguvu mlimani, kodi (msimbo wa hitilafu) P0A80: betri nzima ibadilishwe?

Mwendo_Pole
Wakuu, naomba ushauri. Prius ya 2006, gari la hybrid (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme), injini 1.5. Kwenye mlima mrefu inachoka, vijiti vya chaji vinashuka kutoka 6 hadi 2 kwa muda mfupi kisha vinapanda ghafla. Feni ya nyuma inavuma sana. Skana inatoa P0A80. Fundi anasema betri kubwa (ile ya mota) ibadilishwe yote. Nipime nini kwanza?

Spana_10
Mkuu, usitoe hela kwa kodi peke yake. P0A80 inakwambia bloku (mafungu) za betri zimepishana volti, haikwambii kwa nini. Ndani kuna moduli 28 (vifurushi vya seli) za volti 7.2, na kompyuta inazisoma mbilimbili, yaani bloku 14. Tafuta skana inayoonyesha volti za kila bloku, mwenzako asome wakati wewe unakanyaga mafuta mlimani. Bloku mbovu huwa chini ya zote betri ikitoa umeme, halafu hiyohiyo inaruka juu ya zote ikichajiwa. Seli moja ni volti 1.2, kwa hiyo bloku ikiachwa nyuma kiasi hicho, kuna seli imekufa.

Bloku mbili jirani zikisoma moja juu mno na nyingine chini mno, shuku kutu kwenye nyaya za kupimia. Hapo betri inaweza kuwa nzima kabisa.

Fundi_Umeme
Hiyo feni isipuuzwe. Inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni ya siti ya nyuma. Nguo au mzigo ukiliziba, au vumbi likiganda kwenye mapanga, betri inapikika. Ifungue uisafishe kwa brashi laini. Ukiweka betri mpya juu ya feni chafu, umetupa pesa.

Na nguvu kupungua ni lazima: injini hiyo inatoa kilowati 57 tu, mota ikikosa umeme mlima wote unabaki kwake.

Mwendo_Pole
Asanteni. Nimepima: bloku ya 9 inashuka hadi 13.1, nyingine zote ziko 14.5 hadi 14.7. Nibadilishe moduli mbili tu?

Spana_10
Bloku ya 9 ni moduli ya 17 na ya 18. Inawezekana, ila sikushauri kama gari unaitegemea. Zile 26 zina umri uleule, na moduli ngeni yenye uwezo tofauti itazipishanisha tena. Ukilazimika, chukua zilizopimwa uwezo kwa kuchajiwa na kumalizwa mara kadhaa. Mpya huwa na Ah 6.5 (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa kutunza chaji). Atakayekupa volti tu hajazipima.

Fundi_Umeme
Kabla ya kufungua: zima gari, ufunguo uwe mbali, toa waya hasi wa betri ya volti 12. Hakikisha mlango wa buti umebaki wazi, maana kufuli lake ni la umeme. Vaa glavu za volti 1000, chomoa plagi ya chungwa inayokata umeme wa betri kubwa, subiri dakika 10. Hata hivyo moduli zenyewe bado zina umeme, glavu zisitoke mkononi. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli, vyenye kutu ya kijani, visugue hadi ving'ae, nati zikazwe Nm 5.4 kwa spana ya kipimo. Ukizidisha, nyuzi za skrubu za moduli zinakatika na moduli hiyo haifai tena.